Deki ya CD hununuliwa kwa lenzi, si kwa chipu

Mtu akitaka deki ya CD ya kusikilizia muziki kwa makini nyumbani, swali lake la kwanza huwa ni lilelile: ndani ina chipu gani? Wauzaji wamelizoea, ndiyo maana jina la chipu huandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Swali si baya, ila limeruka foleni. Chipu ya kugeuza namba kuwa sauti haina kinachozunguka wala kinachosuguana, na ikipata umeme ulio sawa inaweza kukaa miaka 30 bila kulalamika. Kinachokufa kwenye deki ni lenzi na mota zake. Kwa hiyo ulizia kwanza mtambo wa kusomea: umetengenezwa na nani, spea yake inapatikana, na fundi ataufikia vipi. Chipu isubiri.

Tazama kazi anayopewa lenzi. CD ina upana wa milimita 120 na unene wa milimita 1.2. Muziki umeandikwa kwa vishimo vidogo kwenye mstari mmoja mrefu unaojiviringisha kuanzia karibu na tundu la katikati kwenda ukingoni, kinyume cha santuri. Kutoka mzunguko mmoja hadi unaofuata ni mikroni 1.6 tu. Leza ya infraredi ya nanomita 780, isiyoonekana kwa macho, inatakiwa isiuache mstari huo huku kisahani kikizunguka karibu mara 500 kwa dakika mwanzoni na kupungua hadi karibu 200 mwishoni. Kasi inabadilika hivyo ili mstari upite chini ya lenzi kwa mwendo uleule, kati ya mita 1.2 na 1.4 kwa sekunde. Na hakuna kisahani kilichonyooka kabisa. Vyote hupanda na kushuka kidogo, na tundu halikai katikati kamili. Ndiyo maana lenzi imening'inizwa kwenye springi laini na kusukumwa na koili: upande mmoja inapanda na kushuka kutafuta fokasi, upande mwingine inavutwa kushoto na kulia ifuate mstari. Inacheza hivyo mfululizo tangu unapobonyeza kitufe hadi wimbo wa mwisho.

Halafu kuna jambo linalowapoteza wengi. Mwanga wa leza ukigusa uso wa plastiki bado ni duara la karibu milimita 0.8, unakusanyika na kuwa nukta isiyofika mikroni 2 pale tu unapofikia vishimo, upande wa pili wa plastiki. Kwa hiyo unywele au mkwaruzo mwembamba juu ya uso ni kivuli hafifu, si ukuta. Na pale kivuli kinapokuwa kizito, namba za CD zimepangwa kwa kutawanywa pamoja na namba za akiba, kiasi kwamba pengo la kama milimita 2.5 kwenye mstari linazibwa kikamilifu, namba kwa namba. Pengo likizidi hapo, hadi milimita 7 au 8, deki inakisia kwa kutazama sampuli (vipimo vya sauti) za jirani. Likizidi zaidi, inanyamaza kwa muda mfupi au inaruka.

Matokeo yake ni haya: lenzi iliyochoka inasikika sawasawa na lenzi mpya. Namba zinazibwa kimyakimya, na muziki unatoka safi hadi siku lenzi inapozidiwa. Kusikiliza nyimbo tatu dukani kwa kisahani kipya hakukuambii lolote kuhusu afya ya mtambo. Unatakiwa uupe kazi ngumu.

Jaribio rahisi ni hili. Choma CD-R (CD tupu ya kurekodia mwenyewe) ya muziki yenye dakika 70 au zaidi. Igeuze, na kwa rula chora mistari mitatu upande unaosomwa, yote ikielekea kutoka tunduni kwenda ukingoni: sehemu ya ndani mstari wa upana wa milimita 1, sehemu ya kati milimita 2, sehemu ya nje milimita 3. Wino uwe mweusi wenye kaboni, kama wa kalamu nyingi za ubao mweupe. Hapa watu hukosea: wino mwingi unaoonekana mweusi kwa macho hupitisha infraredi, na jaribio linakuwa halipimi kitu. Upime kwanza kwa kupaka kipande cha plastiki angavu, kukiweka mbele ya taa ya rimoti ya televisheni, na kutazama kwa kamera ya simu. Kama taa bado inawaka vizuri nyuma ya wino, tafuta kalamu nyingine. Usitumie utepe wa kunata badala ya wino, utabandukia ndani.

Deki yenye afya hupita mstari wa milimita 1 kana kwamba haupo. Wa milimita 2 nyingi nzuri huupita pia. Ule wa 3 ukisababisha mlio wa tiki-tiki usiilaumu deki, hapo tayari ipo ukingoni mwa uwezo wa CD yenyewe. Deki inayojikwaa kwenye mstari wa kwanza iache ilipo, hata kama ina chipu ya dhahabu. Ukimaliza, futa wino kwa kitambaa chenye unyevu. Jaribio linarudiwa mwaka hadi mwaka kwa kisahani hichohicho, na hivyo unaona lenzi inavyozeeka.

Inaruka wapi?

Ukisikia deki inaruka, usikimbilie kusema lenzi imekufa. Uliza inaruka wapi. Ikiwa kila kisahani kinaleta shida nyimbo za mwanzo lakini ukienda wimbo wa kumi inatulia, shuku mota ya kuzungushia kisahani. Pale ndani ndipo inapotakiwa mizunguko 500, na mota iliyolegea haifiki. Ikiwa kila kisahani kinakwama dakika ileile, tuseme ya 40, basi kigari kinachobeba lenzi kinakutana na grisi iliyokauka kwenye reli au jino la gia lililovunjika. Safisha reli, paka grisi nyeupe kidogo sana, mara nyingi inakuwa imekwisha. Kuruka popote bila mpangilio, kwenye visahani vyote, ndiko kunakoelekeza kwenye lenzi: chafu au iliyochoka. Na kama kinasumbua kisahani kimoja tu, tatizo ni kisahani.

Leza iliyochoka ina dalili yake nyingine. Inasoma visahani vya kiwandani lakini inakataa CD-RW (ile inayofutika na kurekodiwa upya), kisha inaanza kuchagua CD-R, kisha inachukua sekunde nyingi kuonyesha idadi ya nyimbo, mwisho inaandika kwamba hakuna kisahani. CD-RW ndiyo huanza kukataliwa kwa sababu inarudisha mwanga mdogo sana, kama robo ya ule wa CD ya kawaida au pungufu. (Deki nyingi za miaka ya 1980 na 1990 hazikuwahi kusoma CD-RW hata zikiwa mpya, kwa hiyo usizihukumu kwa hilo.) Kuna mafundi wanaofufua leza ya aina hii kwa kukaza kirekebishi kidogo kilicho ubavuni mwake ili ipate mkondo mkubwa zaidi. Itafufuka, na itakufa mapema zaidi, kwa sababu umeilazimisha itumie kilichobaki. Ukinunua deki iliyotumika, hicho ndicho kitu cha kuogopa, maana siku ya kununua itasoma vizuri.

Mitambo inayofaa kuulizia ni ile iliyotumiwa na makampuni mengi, kwa kuwa spea zake zilitengenezwa kwa wingi. Lenzi za KSS-213 na KSS-240 za Sony, pamoja na SF-P101N ya Sanyo, zimo ndani ya deki za majina mbalimbali, za bei rahisi na za bei ya kutisha. Mitambo ya zamani ya Philips yenye mkono unaopepea, CDM-1, CDM-2 na CDM-4, ilitengenezwa vizuri ajabu na mingine inafanya kazi hadi leo, lakini spea mpya hakuna. Unachopata ni kung'oa kwenye deki nyingine. Jina la mtambo huwa kwenye kitabu cha fundi cha deki husika, katika orodha ya vipuri, si kwenye tangazo. Kama kitabu hakipatikani na muuzaji hajui, fungua kifuniko utazame lebo iliyo ubavuni mwa lenzi.

Ukibadilisha lenzi ya aina ya KSS-213, mambo mawili huharibu kazi. La kwanza ni umeme tuli wa mwilini. Lenzi mpya huja na tone dogo la solda karibu na soketi ya waya bapa, limewekwa makusudi ili kulinda leza. Jishikishe kwanza na chuma cha deki, unganisha waya bapa, kisha ndipo uondoe tone hilo kwa pasi ya kuchomelea. Ukilisahau, leza haiwaki kabisa, na watu hurudisha lenzi nzima wakidhani ni mbovu. La pili ni urefu wa kikalio cha kisahani. Ukitaka kubadilisha mota, pima kwa vernia umbali kutoka kikalio hadi bodi ya mtambo kabla ya kuking'oa, kwa sababu kikikaa juu au chini mno lenzi itaishia kutafuta fokasi isiipate. Ndiyo maana nashauri kununua mtambo kamili, wenye lenzi, reli na mota zake zote, kuliko lenzi peke yake. Kwa KSS-213 mtambo huo huitwa KSM-213. Bandia ni nyingi, kwa hiyo ukipata ulioondolewa kwenye deki nzima iliyotumika kidogo, unaweza kuwa bora kuliko mpya usiojulikana.

Trei inayogoma kufunguka, au inayofunguka na kujifunga yenyewe, karibu kila mara ni mkanda wa mpira uliolegea. Chukua mkanda wenye unene uleule, mfupi kuliko wa zamani kwa kama asilimia 5, safisha puli kwa spiriti ya isopropili, ufunge. Usichague mfupi mno. Utaivuta mota na trei itakwenda kwa kusuasua. Hili ni tatizo dogo na lisikufanye ukimbie deki nzuri. Zaidi ya hapo, trei za plastiki nyembamba zinazotikisika ukizigusa hazina athari kwa sauti hata kidogo. Zinaudhi tu.

Deki za kumeza kisahani kupitia mfereji zina rola za mpira zinazogusa kisahani. Vumbi likiingia huko ni mchanga. Nyingi pia hazipokei visahani vidogo vya sentimita 8, na ukivilazimisha itabidi ufungue mashine. Deki za kufungua juu, ambazo unaweka kisahani mwenyewe na kukandamiza kwa sumaku, ndizo rahisi kusafisha na hazina mkanda wa trei. Shida yake ni nafasi, maana huwezi kuzipanga chini ya kitu kingine.

Sasa chipu

CD ina biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde kwa kila chaneli. Kipimo hicho kiliwekwa na Philips na Sony na hakijabadilika tangu deki za kwanza zitoke mwaka 1982. Biti 16 zinakupa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini. Chipu ya leo, hata ya deki ya bei ya kati, ina kelele iliyo chini ya hapo kwa desibeli 15 au zaidi. Kwa maneno mengine, chombo kimekuwa kikubwa kuliko maji yanayomiminwa. TDA1541 ya Philips ya miaka ya 1980 ina wapenzi wanaoisaka kama lulu, na ni chipu nzuri kweli, ila ukinunua deki kwa ajili yake umenunua pia mtambo wa umri huohuo.

Kinachoweza kukosewa baada ya chipu ni saketi ya kutolea sauti na umeme wake. Kwenye karatasi ya vipimo tafuta volti 2 kwenye matundu ya RCA (yale ya duara, jekundu na jeupe) na ukinzani wa kutolea usiozidi omu 1,000. Amplifaya nyingi hupokea kwa omu 10,000 na kuendelea, kwa hiyo hapo hakuna hasara. Weka sikio kwenye spika bila muziki, ongeza sauti ya amplifaya hadi kiwango unachosikilizia, kisha washa na kuzima deki. Mngurumo ukiongezeka deki inapowashwa, kuna tatizo la umeme wake au la kuungana kwa ardhi za vyombo viwili. Soketi ya hedifoni kwenye deki nyingi ni ya kuongezea tu, isiwe sababu ya kuchagua.

Na hizi deki mbili mnazolinganisha dukani, moja ikionekana ina uhai na nyingine imelala? Kabla ya kufungua pochi, pima sauti. Deki moja ikitoa volti 2.0 na nyingine 2.3, tofauti ni desibeli 1.2, na sikio la binadamu haliiti tofauti hiyo sauti kubwa. Linaiita sauti nzuri. Matundu ya XLR (yale makubwa ya pini tatu) mara nyingi hutoa volti 4, yaani desibeli 6 zaidi, na hapo ndipo hadithi za ubora wa XLR zinapozaliwa. (Faida ya kweli ya XLR ni kwenye nyaya ndefu za mita kadhaa.)

Namna ya kusawazisha: choma CD-R yenye mlio mmoja wa 200 Hz, weka multimita kwenye volti za AC, shika ncha kwenye matundu ya spika nyuma ya amplifaya bila kuzigusanisha. Cheza mlio kwa deki ya kwanza, panda taratibu na kitufe cha sauti hadi upate volti 2.00, weka alama. Hamia deki ya pili, rekebisha hadi usomaji uwe kati ya 1.98 na 2.02. Hiyo ni chini ya moja ya kumi ya desibeli. Nachagua 200 Hz kwa sababu multimita za bei rahisi hudanganya mlio ukipanda sana. Kisha weka nakala mbili za CD ileile, moja kila deki, na mtu mwingine abadilishe bila kukwambia ni ipi. Tofauti nyingi zilizokuwa wazi kabisa dakika kumi zilizopita hupotea hapo. Zikibaki, ni za kweli, lipa.

Kama tayari una DAC ya nje nzuri (kifaa cha kugeuza namba kuwa sauti), au amplifaya yenye matundu ya dijitali, unaweza kununua mtambo mtupu usiotoa sauti. Cambridge Audio CXC na Audiolab 6000CDT ni mifano: zinatoa namba tu, kwa koaksia na kwa mwanga. Kosa la kawaida ni kuona tundu la RCA na kulichomeka kwenye AUX ya amplifaya. Hapo hakuna muziki utakaotoka. Waya wa koaksia unatakiwa uwe wa omu 75, na ule wa njano wa video ni wa omu 75 pia, kwa hiyo unafaa kabisa na huhitaji kununua wa kifahari. Waya wa mwanga una faida moja kubwa: haupitishi umeme, kwa hiyo unakata mngurumo wa kuungana kwa ardhi. Usiukunje kona kali. Na kabla ya kulalamika kwamba hautoi kitu, tazama kama vile vikofia vidogo vya plastiki bado vimo kwenye ncha zake.

Mtambo mtupu una mtego mmoja ambao hautajwi mara nyingi. Baadhi ya CD za miaka ya mwanzo zilirekodiwa zikiwa zimeongezwa sauti nyembamba, hadi karibu desibeli 10 kwenye ncha ya juu kabisa, pamoja na alama ya kuiambia deki izipunguze wakati wa kucheza. Deki ya kawaida inatii alama hiyo yenyewe. DAC nyingi za nje haziijali. Matokeo ni CD inayochoma masikio, na mwenyewe anaanza kulaumu waya. Kama una visahani vingi vya miaka ya 1980, hasa vya muziki wa kilasiki, deki kamili inakuokoa na usumbufu huo.

SACD na jamaa zake

SACD, yaani Super Audio CD, kisahani cha muziki cha aina nyingine, ilitoka mwaka 1999. Inatumia biti 1 inayosomwa mara 2,822,400 kwa sekunde, na leza yake ni ya nanomita 650, kwa hiyo deki ya CD haiwezi kuiona tabaka hiyo. Visahani vingi vya SACD ni vya matabaka mawili na vina CD ya kawaida ndani yake. Vile vya tabaka moja havitacheza kabisa kwenye deki ya CD. Ukinunua deki ya SACD, hakikisha kwenye kioo chake ni tabaka ipi inasomwa, maana deki nyingi zina kitufe cha kuchagua na mtu anaweza kusikiliza tabaka ya CD miaka miwili akisifia SACD. Pia usitarajie SACD itoke kwenye koaksia au waya wa mwanga. Hairuhusiwi, matundu hayo hukaa kimya. Baadhi ya mashine huitoa kupitia HDMI.

Mashine za Blu-ray zinazocheza kila kitu zinavutia kwa karatasi ya vipimo. Oppo ndiyo iliyopendwa zaidi kwenye kundi hili, na iliacha kuzitengeneza mwaka 2018, kwa hiyo rudi kwenye swali la spea. Za bei rahisi zina kero nyingine: zinachelewa kufungua kisahani, nyingi hazionyeshi namba ya wimbo hadi uwashe televisheni, na baadhi zina feni inayosikika kwenye nyimbo tulivu. Kwa mtu mwenye visahani kumi vya SACD na mia nne vya CD, mimi ningenunua deki nzuri ya CD.

Deki ya kutumika ikaguliwe kwa dakika kumi na tano, si mbili. Kwanza geuza uangalie volti zilizoandikwa nyuma. Mashine ya soko la Japani ni ya volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 transfoma itaungua kabla hujafika kitufe cha kucheza, na bila kishusha-volti haifai kitu. Iwashe ikiwa baridi, pima sekunde inazochukua kuonyesha idadi ya nyimbo. Zikizidi kumi na tano kwa CD safi ya kiwandani, anza kuwa na mashaka. Ruka kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho na kurudi, mara tano, ukisikiliza kama kigari kinakwaruza. Cheza wimbo wa mwisho wa kisahani kirefu, dakika ya 70 na kuendelea. Kisha weka kile kisahani cha mistari ya wino. Mwisho iache icheze hadi kifuniko kiwe vuguvugu, halafu rudia kuanzia wimbo wa kwanza, kwa kuwa mota na leza zilizochoka hujificha kwenye baridi na kujitokeza kwenye joto.

Rimoti iwepo. Deki kadhaa zina kazi ambazo hazina kitufe kwenye uso wake.

Nyumbani, deki isikae juu ya amplifaya; joto linalopanda ndilo linalokausha kapasita na grisi. Iwe kwenye meza iliyonyooka kwa pima-maji. Miguu ya bei kubwa ya kuzuia mtetemo sioni kazi yake ikiwa meza haitikisiki, na kalamu za kijani za kupaka ukingoni mwa CD, pamoja na mashine za kuondoa sumaku kwenye visahani, ni pesa ya bure: CD ni plastiki na aluminiamu, hakuna cha kusumakua. Visahani vya kusafishia lenzi vyenye brashi navyo viepuke, kwani springi za lenzi ni laini kuliko brashi. Zima, chomoa waya, fungua, kijiti cha pamba chenye tone la isopropili ya asilimia 99, duru mbili nyepesi juu ya lenzi, kisha upande mkavu. Usibonyeze. Usitazame lenzi ikiwa deki imewashwa.

Kisahani kinaoshwa kwa maji na tone la sabuni ya vyombo na kufutwa kutoka tunduni kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Ukifuta kwa kuzungusha, mkwaruzo utafuata mstari wa muziki na kufunika sehemu ndefu kuliko ile inayoweza kuzibwa. Upande wa maandishi ndio wa kuogopa zaidi: aluminiamu ipo hapo chini ya rangi na vanishi nyembamba mno, na ukikwaruza huko hakuna kung'arisha kutakakorudisha kilichotoka.

Ukisafirisha deki, toa kisahani kwanza. Za zamani zina skrubu chini, mara nyingi nyekundu, za kufungia mtambo usitikisike njiani. Zikaze kabla ya safari, na ukifika uzilegeze kabla ya kuwasha, la sivyo itaruka kila kisahani na utaanza kutafuta lenzi nyingine bure.